Mjomba, ligi imesimama ila ugomvi wa mikataba ndio kwanza umeanza

Marietta, Georgia
Desemba 2025

Shikamoo mjomba wangu,

Natumaini hapo Ngamiani wote wazima, bibi mguu umetulia na anti biashara inamwendea vizuri. Sisi huku tunamshukuru Mungu, baridi imeingia lakini si ile ya kutisha ya kule kaskazini, Georgia baridi yake ni ya asubuhi na usiku tu, mchana jua likitoka unavua koti.

Kwenye ile sauti uliyonitumia Whatsapp uliniuliza mbona kila ukinipigia nikiwa kazini unasikia watu nyuma wanabishana habari za besiboli wakati mpira wenyewe hauchezwi, na ukasema nikuandikie kwa kirefu kwa sababu kwenye simu naongea haraka huelewi. Haya naandika, kaa vizuri na chai yako maana ni marefu.

Ni kweli ligi imeisha mjomba, tena kwa timu yetu iliisha mapema mno. Atlanta Braves msimu huu wameshinda mechi 76 wamefungwa 86 (huku msimu ni mechi 162 kwa kila timu, wanacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa) na ni mara ya kwanza kukosa hatua ya mtoano tangu 2017. Kombe wamechukua Dodgers wa Los Angeles kwa mara ya pili mfululizo, wamewafunga Toronto kwenye mechi ya saba. Sasa huku ligi ikisimama ndio watu wanaamka, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili ni usajili tu, nani anaondoka, nani anaongezewa mkataba, mwenye timu katoa hela au kabana, na watu wanaumia kwelikweli, nimeona watu wazima wananuniana chumba cha chakula kwa ajili ya mkataba wa mtu ambaye hawajawahi hata kumpa mkono.

Kazini kwetu, si unajua ni nyumba ya kulea wazee, ubishi una watu watatu wakubwa. Wa kwanza ni mzee mmoja tunayemhudumia, chumba cha mwisho kule dirishani, huyu ameanza kuwashangilia Braves tangu enzi za Hank Aaron na alikuwepo uwanjani usiku ule wa tarehe 8 Aprili 1974 Aaron alipopiga homurani yake ya 715 (homurani ni ule mpira unaopigwa ukavuka mpaka wa uwanja) akaivunja rekodi ya Babe Ruth. Wa pili ni mpishi wetu, Mvenezuela, na kwa sababu Ronald Acuña, nyota wa Braves, naye ni wa Venezuela basi ukimgusa Acuña umemgusa yeye. Wa tatu ni nesi Mkenya wa Nakuru, huku Marietta Wakenya ni wengi sana mjomba, Jumapili ukienda kanisa lao unaweza kusahau uko Marekani. Huyu nesi alikuja hajui besiboli hata kidogo kama mimi, sasa hivi anajua mishahara ya kikosi kizima kichwani. Na mimi nimo, tena nimo sana.

Yule mzee ana daftari lile la shule lenye mistari, kila mwaka anachora safu kwa penseli, jina la mchezaji upande wa kushoto, halafu miaka inakwenda kulia, 2026, 2027, 2028, na kila kisanduku anaandika mshahara. Mkataba ukiisha anapiga mstari mwekundu. Mikono yake inatetemeka kwa hiyo zile namba anaandika kubwa kubwa na taratibu, na mtu akisajiliwa ananiita, njoo nisomee kwenye simu ni kiasi gani na miaka mingapi. Nikimsomea anaandika, halafu anakaa kimya anatazama ile safu, halafu ndio anaanza kulalamika. Mimi besiboli nimejifunzia kwenye lile daftari.

Kwanza nikueleze inavyofanya kazi maana ni tofauti kabisa na mpira wetu. Sisi timu ikimtaka mchezaji mwenye mkataba inalipa ada kwa klabu yake anahama. Hawa hawauziani hivyo, wanabadilishana wachezaji kwa wachezaji. Na mchezaji akishaanza kucheza ligi kuu yuko chini ya timu yake kwa misimu sita kabla hajawa mchezaji huru. Misimu mitatu ya mwanzo timu inaweza kumlipa kima cha chini tu, ambacho mwaka huu wa 2025 ni dola 760,000, najua kwetu ni hela ya kujenga mtaa lakini kwa ligi inayoingiza mabilioni ni kidogo. Mitatu inayofuata mshahara unapanda, wakishindwa kuelewana wanakwenda kwa wasuluhishi, na ikiisha yote sita ndio yuko huru kwenda popote kwa dau lolote. Na huo uhuru wenyewe haukuja bure mjomba, zamani mchezaji alikuwa wa timu yake maisha yote, mpaka akatokea mtu anaitwa Curt Flood, mweusi, timu yake ya St. Louis ilimbadilisha kwenda Philadelphia mwaka 1969 akakataa, akaandika barua kwa wakubwa wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1972 akashindwa. Yeye aliharibikiwa, lakini mlango ulifunguka Desemba 1975 wasuluhishi walipoamua wachezaji wanaweza kuwa huru. Mzee wetu akizungumza habari za Flood anavua miwani kabisa.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo ugomvi wote ulipo. Katika ile miaka sita, timu inaweza kumfuata kijana mapema ikamwambia, usingoje, chukua mkataba mrefu leo, hela yako ya uhakika hata ukivunjika mguu kesho. Kijana anapata usalama, timu inapata miaka yake ya uhuru kwa bei ya chini. Na katika timu zote 30 hakuna waliofanya hivyo kama Braves. Meneja mkuu wao Alex Anthopoulos, Mkanada, alikuja mwisho wa 2017, na aliyoyafanya tangu hapo ukiyaona kwenye daftari la mzee unashika kichwa. Aprili 2019 alimpa Acuña miaka 8 kwa dola milioni 100, kijana wa miaka 21, wakati ule hakuna mdogo kuliko yeye aliyekuwa amewahi kusaini milioni 100. Siku chache baadaye akampa Ozzie Albies, yule mdogo mdogo wa Curaçao anayecheza besi ya pili (besi ni vile vituo anavyokimbia mpigaji kuvizunguka ili apate bao), miaka 7 kwa milioni 35. Mwaka 2022 ndio alifungulia bomba: Matt Olson miaka 8 milioni 168, Austin Riley miaka 10 milioni 212 ambao ndio mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu, Michael Harris miaka 8 milioni 72 akiwa ndio kwanza ameanza ligi kuu mwaka huohuo, Spencer Strider miaka 6 milioni 75, halafu mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira, Sean Murphy miaka 6 milioni 73.

Wakati ule watu walifurahi sana. Mwaka 2021 timu ilikuwa imechukua kombe, 2023 wakashinda mechi 104 na kupiga homurani 307, wakaifikia rekodi ya ligi, Acuña akawa mchezaji bora kwa kura zote, homurani 41 na besi 73 za kuiba, yaani kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Olson 54. Ukivaa jezi ya Braves hapa Marietta kila mtu anakupungia. Ikawa watu wanasema timu nyingine zije zijifunze.

Halafu Albies. Mkataba wa Albies ndio uliowafanya mpishi na nesi wasisalimiane wiki nzima. Mpishi anasema ule ni wizi, kijana hakujua thamani yake, milioni 35 kwa miaka saba, na chini kabisa ya mkataba kuna miaka miwili ya nyongeza, 2026 na 2027, ambayo timu ikipenda inamchukua kwa milioni 7 tu kila mwaka na yeye hana la kusema. Wenzake wa kiwango kile wanapata mara tatu. Nesi anasema hapana, hakuna aliyemshikia kisu, mtu ametoka kisiwa kidogo, alisajiliwa kwa dola 350,000 akiwa na miaka 16, umemwekea milioni 35 mezani, familia yake haitalala njaa mpaka wajukuu, kwa nini asisaini? Kwamba angengoja angepata zaidi, ni kweli, na angevunjika je?

Mimi nipo na nesi kwenye hilo nusu, na nusu nyingine nipo na mpishi. Simlaumu Albies hata kidogo. Mtu aliyewahi kuona nyumbani kwao sufuria imekaa haina kitu anajua kwa nini unachukua ya mkononi, na wewe mjomba unajua vizuri kuliko mimi, uliacha shule ukaenda bandarini ili mama asome. Lakini timu ikishapata faida ya namna hiyo kwa kijana, kwangu mimi ile faida ni deni. Braves mliokoa mamilioni kila mwaka kwa Albies, mliokoa nyingi zaidi kwa Acuña, basi hizo hela zionekane uwanjani, mlete mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira), mbakize mtu wenu, msiseme hakuna hela. Hilo ndilo ninalolisimamia kila siku na sitaacha kulisema.

Kwa sababu angalia walioachwa waondoke. Freddie Freeman kwanza. Mjomba wewe ni Simba, na ule mwezi wa saba 2024 mchezaji wenu Clatous Chama alipokwenda Yanga ulikuwa hupokei simu, mama akasema mwacheni. Basi sisi Freeman ndio Chama wetu. Alichaguliwa na Braves 2007 akiwa kijana wa sekondari, akakulia hapa, mchezaji bora wa 2020, kombe la 2021 alilibeba yeye, na mkataba ukaisha mwezi huohuo wa furaha. Yeye alitaka miaka sita, timu ilikomea mitano. Halafu ligi yenyewe ikafungwa, wenye timu waliwafungia wachezaji milango kuanzia tarehe 2 Desemba 2021 mpaka 10 Machi 2022, hakuna kuzungumza mkataba kabisa, na ilipofunguliwa tu, tarehe 14 Machi Braves wakamchukua Olson kutoka Oakland anayecheza nafasi ileile ya Freeman. Kesho yake Olson akasaini. Anthopoulos mwenyewe alitokwa machozi mbele ya waandishi. Freeman akaenda Dodgers, miaka 6 milioni 162, na mwezi wa sita aliporudi Atlanta kuchukua pete yake ya ubingwa alilia mpaka watazamaji nao wakalia.

Nisiwe mwongo, Olson ni mchezaji mzuri sana, na ni kijana wa hapahapa Georgia, na kwa hesabu za karatasi Anthopoulos alikuwa sahihi, alimpata aliye mdogo kwa umri miaka karibu minne na nusu. Mpishi na nesi wote wanakubali. Mzee ndiye hakubali. Oktoba 2024, fainali, mechi ya kwanza Dodgers na Yankees, mchezo uko kipindi cha kumi, Dodgers wako nyuma, besi zote tatu zina watu, Freeman huyo anachechemea kwa kifundo cha mguu akaupiga mpira wa kwanza ukaenda kwenye majukwaa ya kulia, mechi imekwisha papo hapo, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye fainali yoyote tangu zianze. Nilikuwa zamu ya usiku. Mzee alikuwa macho. Hakusema kitu ila alifungua daftari, akarudi nyuma mpaka ukurasa wa 2022, na pale palipo na mstari mwekundu wa Freeman akaweka kidole akakiacha hapo.

Baada ya Freeman ni Dansby Swanson, huyu ni mtoto wa Marietta hapa kabisa, amesoma Marietta High, mashabiki wa mtaani kwetu walimjua tangu mdogo, naye Desemba 2022 akaenda Chicago kwa Cubs, miaka 7 milioni 177. Halafu Max Fried, mrushaji wa mkono wa kushoto, aliyewafunga Houston mdomo kwenye mechi ya sita ya fainali ya 2021, vipindi sita hawakupata hata bao moja. Desemba 2024 Yankees walimpa miaka 8 milioni 218. Msimu huu ameshinda mechi 19 kule New York. Na sisi msimu huu warushaji walianguka mmoja mmoja, Sale mbavu, Schwellenbach kiwiko, López bega, kila nikimsomea mzee habari za asubuhi ni majeruhi mpya, na kila jina likitajwa mpishi anasema Fried, anasema hivyo tu, Fried, anarudi jikoni.

Badala yake ile hela ya usajili uliopita iliyotoka ilikuwa ni Jurickson Profar, miaka 3 milioni 42, akacheza mechi nne, akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa. Basi. Kitu kikubwa kingine hakikusajiliwa msimu ule.

Hapa nesi anatoa hoja yake ya kodi na lazima niieleze kwa haki maana ni hoja nzito. Ligi hii haina kikomo cha mishahara lakini ina mstari, mwaka huu 2025 ulikuwa dola milioni 241, timu ikivuka inalipa kodi juu ya kile ilichozidisha, mara ya kwanza asilimia 20, ukirudia mwaka wa pili 30, wa tatu mfululizo 50. Braves walivuka 2023 na 2024. Wangevuka na 2025 wangeingia kwenye 50. Kwa hiyo nesi anasema walibana ili wakae chini ya mstari, hesabu ianze upya, na sasa wako huru kutumia. Sawa. Mimi nimemjibu mbele ya watu wote, kama ni hivyo basi huu ndio mwaka, hakuna kisingizio kilichobaki, na hata huo mwaka wa kubana ulitugharimu msimu mzima, nani alitulipa sisi?

Na tena Braves si timu ya kusema hatujui mapato yao. Timu nyingi zina mwenyewe tajiri mmoja anaficha vitabu vyake, lakini Braves hisa zake zinauzwa soko la hisa, tangu 2023 ni kampuni inayojitegemea, lazima itangaze hesabu kila robo mwaka, na mwaka 2024 mapato yalipita dola milioni 600. Uwanja wao wa Truist Park uko Cobb, kaunti yetu hii, ulifunguliwa 2017 na kaunti ilichangia karibu milioni 300 za umma. Kuuzunguka kuna maduka, hoteli, migahawa, ofisi, ni mali yao, na hata usiku ambao hakuna mechi pale panajaa watu. Nikilipa kodi ya kaunti mimi nimo mle mjomba, na mpishi yumo, na nesi, kwa hiyo mtu akiniambia hela ya klabu hainihusu simwelewi.

Mwaka huu wameanza kutumia angalau. Wamembakiza Raisel Iglesias kwa milioni 16 mwaka mmoja, wamemchukua Robert Suárez kutoka San Diego miaka 3 milioni 45 ili warushaji hawa wawili wamalizie vipindi vya mwisho vya mechi, Mike Yastrzemski miaka 2 milioni 23, na Ha-Seong Kim, Mkorea, amerudi kwa milioni 20 mwaka mmoja. Albies wakamshika kwa ile milioni 7 yake. Kocha pia ni mpya, Walt Weiss, baada ya Brian Snitker kupumzika. Mzee ameridhika kidogo, amejaza visanduku. Mimi bado. Mrushaji wa kuanza mechi hajaja, na bila huyo mwakani tutarudi kulekule kuhesabu majeruhi.

Kwingine mashabiki wana maumivu kuliko sisi, hilo nalikubali. Mets wa New York mwezi huu wamempoteza Pete Alonso kwenda Baltimore kwa miaka 5 milioni 155 na Edwin Díaz kwenda kwa haohao Dodgers kwa miaka 3 milioni 69, na Mets ndio waliompa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15. Soto mwenyewe 2022 alikuwa ameikataa milioni 440 ya Washington, watu wakamwita mwendawazimu. Mpishi kila tukimtaja Albies analeta jina la Soto, anasema mwoneni aliyengoja. Na nesi anamjibu, umehesabu mmoja aliyengoja akapata, hujahesabu waliongoja wakaumia ambao majina yao hata huyajui. Wote wawili wana haki, na hapo sijawahi kusikia mtu akishinda.

Sasa kikubwa cha mwaka huu ni Acuña. Mkataba wake wa milioni 100 unaisha 2026, halafu timu ina haki ya 2027 na 2028 kwa milioni 17 kila mwaka. Milioni 17! Soto anapata wastani wa 51. Ikifika mwisho wa 2028 Acuña atakuwa anakaribia miaka 31. Watu wamegawanyika katikati kabisa. Nusu wanasema ngoja, una bei rahisi kwa miaka mitatu mizima, kwa nini ulipe leo? Na magoti yote mawili yamepasuliwa, la kulia 2021, la kushoto 2024, na nesi wetu amehudumia watu wa magoti kwa muda mrefu, anasema goti lililofunguliwa halirudi lilivyokuwa, ukimpa mtu wa namna hiyo miaka kumi unamlipa akiwa amekaa kwenye benchi. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu anaitoa mtu anayejua anachosema.

Mimi niko upande mwingine. Huyu kijana alitoka Venezuela kwa dola laki moja mwaka 2014. Laki moja. Akaja akawapa kila kitu, akaumia akicheza kwa ajili yao mara mbili, na mwezi wa tano mwaka huu aliporudi baada ya mwaka mzima nje, mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa aliupiga ukatoka nje ya uwanja, mjomba nilikuwa naangalia, uwanja wote ulisimama, mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi anapiga kelele kwa Kihispania. Alishawafanyia Braves bei rahisi alipokuwa na miaka 21. Kumngoja mpaka 2028 ili ikiwezekana aumie tena bei ishuke zaidi, hapana, mimi hilo siwezi kulishangilia. Mpeni mkataba mpya sasa hivi, muunganishe na ile miaka miwili ya nyongeza, astaafu hapa. Kama magoti yanatia wasiwasi basi wekeni sehemu ya malipo kwa mechi anazocheza, hizo mbinu wanazijua, wameajiri mawakili wa kutosha.

Na kuna Drake Baldwin, mdakaji kijana, amechukua tuzo ya mchezaji mpya bora mwaka huu. Kila mtu anauliza atapewa mkataba lini. Ninachowaambia, mpeni, lakini msimpe wa Albies.

Jambo jingine linalofanya watu wawe na haraka ni kwamba makubaliano kati ya wachezaji na wenye timu yanaisha tarehe 1 Desemba 2026. Watu wengi wanaamini milango itafungwa tena kama 2021, wenye timu wanataka kikomo cha mishahara, chama cha wachezaji hakitaki hata kukisikia. Nikikumbuka yaliyompata Freeman safari ile, mkataba wake kukatikia katikati ya mlango uliofungwa, naona ni bora mambo ya Acuña yamalizwe kabla.

Mwezi wa pili wanakwenda kambini North Port, Florida, na ligi inaanza mwisho wa mwezi wa tatu. Mechi za usiku za hapa zinaanza saa moja na robo, kwenu itakuwa saa nane na robo usiku, najua hulali mapema siku hizi, nitakutumia linki uangalie hata mechi moja, mwangalie Albies kwanza, namba 1 mgongoni, uone anavyokimbia. Halafu unijibu wewe kama mtu uliyeongoza chama cha wachukuzi pale bandarini na kukaa meza moja na matajiri: ungekuwa wewe ndio msimamizi wa Acuña, ungedai leo au ungengoja? Nimewaahidi kina mpishi kwamba mjomba wangu ataleta jibu, na mzee amesema ataliandika kwenye daftari.

Hela ya dawa za bibi nimeshatuma kwa simu ya anti, aangalie. Mwambie bibi namsalimu sana na asiache kuupaka mguu ile dawa. Wasalimie wote wa barabara ya kumi na tano.

Mpwa wako